Jeni ya himoglobini ya kijusi haipotei, inafungwa: tujadili kromatini na alama za DNA kwa ushahidi

Kiini Wazi (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Katika mijadala yetu ya baiolojia nimeona neno epijenetiki, yaani mabadiliko ya usomaji wa jeni yasiyobadilisha mfuatano wa DNA, likitumika kueleza karibu kila kitu, kuanzia tabia za watoto hadi uzee, na mara nyingi maelezo yanaishia kwenye sentensi moja: jeni imewekewa alama, kwa hiyo imezimwa. Sentensi hiyo inaruka hatua muhimu, na kwa maoni yangu ndiyo chanzo cha makosa mengi tunayoyasoma. Nimefungua uzi huu ili tupitie namna DNA inavyofungashwa ndani ya kiini cha seli, alama zinazowekwa juu yake na juu ya protini zinazoibeba, na jinsi mambo hayo yanavyoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Nitarudi mara kwa mara kwenye jeni za himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu chache za jenomu (DNA yote) ya binadamu ambazo zimechunguzwa kwa miongo mingi mfululizo, na uchunguzi huo umekwishafika hadi kwenye kitanda cha mgonjwa.

Tuanze na vipimo. DNA iliyomo katika seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia urefu wa takriban mita 2, ilhali kiini kinachoihifadhi kina kipenyo cha mikromita 6 hadi 10 hivi. Kuikunja tu hakutoshi. Ni lazima ikunjwe kwa namna ambayo kipande kinachohitajika sasa hivi kinaweza kufikiwa bila kuifumua yote. Kazi hiyo hufanywa na histoni, protini ndogo zenye chaji chanya ambazo Albrecht Kossel alizitenga mwaka 1884, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufahamu kazi ya protini hizo. Kwa kuwa DNA ina chaji hasi, viwili hivi huvutana. Histoni nane, yaani mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4, huungana kuwa kitu mfano wa pipa fupi, na DNA yenye jozi za besi zipatazo 147 hulizunguka pipa hilo mara moja na zaidi ya nusu. Umbo hilo huitwa nukleosomu. Roger Kornberg alipendekeza mpangilio wake mwaka 1974, na mwaka 1997 Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao wakachapisha muundo wake kwa undani unaokaribia atomi moja moja. Seli moja ya binadamu ina nukleosomu zinazokaribia milioni 30. DNA pamoja na protini zake zote ndiyo tunayoiita kromatini.

Sasa fikirini maana yake kwa jeni. Protini nyingi zinazotambua mfuatano fulani wa DNA haziwezi kuushika ikiwa umebanwa juu ya histoni, hasa pale upande unaotakiwa umegeukia ndani. Kwa hiyo nukleosomu iliyokaa juu ya promota, yaani pale unakili wa jeni kuwa RNA unapoanzia, ni kizuizi hata kabla ya alama yoyote kutajwa. Kizuizi hicho si cha milele, kwa sababu seli ina mitambo ya protini inayotumia nishati ya ATP kusukuma nukleosomu, kuzibandua au kubadilisha histoni zake. Mtambo unaojulikana zaidi huitwa SWI/SNF, na jeni za sehemu zake hukutwa na hitilafu katika takriban asilimia 20 ya saratani za binadamu. Zipo pia protini tangulizi, kama FOXA katika ini, ambazo zina uwezo wa kushika DNA ikiwa bado imefungwa na kuwafungulia njia wenzake.

Alama za histoni, yaani vikundi vidogo vya kemikali, huwekwa hasa kwenye mikia, ambayo ni nyuzi za asidi amino zinazochomoza nje ya pipa. Vincent Allfrey na wenzake walipendekeza mwaka 1964 kwamba kikundi cha asetili kikiongezwa kwenye histoni, utengenezaji wa RNA huongezeka. Wazo hilo lilisubiri miaka 32. Mwaka 1996 maabara ya David Allis ilitambua kimeng'enya kinachoweka asetili kutoka kwa kiumbe mdogo wa seli moja, Tetrahymena, na ikaonekana kwamba kinafanana na Gcn5, protini ya hamira iliyokuwa tayari inafahamika kwa kuchochea jeni. Mwaka huohuo maabara ya Stuart Schreiber ilipata kimeng'enya kinachoiondoa. Asetili hufuta chaji chanya ya lisini, mojawapo ya asidi amino za mkia, hivyo mkia hulegea katika kuishika DNA, na pia huwa kituo cha protini zinazoitambua.

Kikundi cha methili ni tofauti, kwa sababu hakifuti chaji na maana yake hutegemea mahali kilipo. Methili tatu kwenye lisini ya 4 ya histoni H3 huandamana na promota zinazofanya kazi. Methili tatu kwenye lisini ya 9 hukaribisha protini HP1, ambayo hukusanya kromatini iwe nzito na kimya. Lisini ya 27 ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa inaweza kubeba asetili, na hapo jeni iko wazi, au methili tatu zilizowekwa na kundi la protini za Polycomb, na hapo jeni imezuiwa. Haiwezi kubeba zote mbili kwa wakati mmoja. Nafasi hiyo moja ni uwanja wa kugombaniwa.

Mwisho ni alama ya DNA yenyewe. Katika seli zetu methili huwekwa juu ya sitosini, mojawapo ya besi nne za DNA, hasa sitosini inayofuatwa na besi ya guanini. Jenomu ya binadamu ina jozi kama hizo zipatazo milioni 28, na asilimia 70 hadi 80 huwa na methili. Promota nyingi, hata hivyo, zimo ndani ya visiwa vyenye jozi hizo kwa wingi, na visiwa hivyo kwa kawaida havina methili, jeni iwe inasomwa au haisomwi. Naomba hilo likumbukwe, kwa maana wengi hudhani kwamba kila jeni iliyo kimya imenyamazishwa na methili ya DNA.

Hoja yangu ni hii: kukuta alama juu ya jeni hakutoshi kusema kwamba alama hiyo ndiyo iliyoizima au kuiwasha. Tunapaswa kuuliza iliwekwa lini, iliwekwa na nani, na nini hutokea ikiondolewa. Karibuni.

Benchi la Maabara

Ndugu Kiini Wazi, shukrani kwa uzi huu. Ningependa kuongeza jambo moja ambalo nimelifanya kwa mikono yangu mara nyingi, kwa sababu watu hudhani nukleosomu ni mchoro wa vitabuni.

Chukua viini vya seli vilivyooshwa vizuri, viweke kwenye bafa yenye kalsiamu kidogo, kisha ongeza kimeng'enya cha kukata DNA kinachotoka kwa bakteria Staphylococcus aureus. Kimeng'enya hicho hukata pale DNA ilipo wazi, yaani kwenye kiungo kati ya nukleosomu moja na nyingine. Baada ya dakika chache simamisha ukataji, safisha DNA na uipitishe kwenye jeli ya agarosi yenye umeme. Ukiwasha taa ya urujuanimno hutaona ukungu mmoja kutoka juu hadi chini, kama ambavyo ungeona ikiwa DNA imekatwa ovyo. Utaona ngazi: utepe kwenye besi 200 hivi, mwingine kwenye 400, mwingine 600, na kuendelea. Ukiacha ukataji uendelee, vidato vya juu hupotea kimoja baada ya kingine, na wa chini kabisa husogea hadi karibu na 147 kisha hung'ang'ania hapo, kwa sababu kilichobaki ni DNA iliyokumbatiwa na histoni. Hewish na Burgoyne waliiona ngazi hiyo mwaka 1973, na ilikuwa mojawapo ya dalili zilizomwongoza Kornberg. Mara ya kwanza nilipoitoa ngazi safi niliita wenzangu wote waje kuitazama.

Kuna jaribio la pili linalohusu himoglobini moja kwa moja. Mwaka 1976 Weintraub na Groudine walitumia kimeng'enya kingine, DNase I, kwenye viini vya chembe nyekundu za damu za kuku, ambazo tofauti na zetu hubaki na kiini. Jeni ya globini, yaani ya sehemu ya protini ya himoglobini, iliharibiwa haraka. Walipofanya vivyo hivyo kwenye seli nyingine za kuku ambazo hazitengenezi himoglobini, jeni ileile ilistahimili. DNA ni ileile, mfuatano ni uleule, lakini upande mmoja kimeng'enya kinaifikia na upande wa pili hakiifikii. Njia ya kisasa ya ATAC, iliyochapishwa mwaka 2013, hufuata mantiki hiyohiyo, ila hutumia kimeng'enya kinachopachika vipande vya DNA mahali palipo wazi, na huhitaji seli chache sana.

Mwanafunzi wa Pili

Naomba kuuliza, walimu wangu. Seli ikigawanyika, DNA hufumuliwa na kunakiliwa, na histoni hubanduka. Alama zinabakije? Na je, zikishawekwa zinaweza kuondolewa?

Kiini Wazi

Swali zuri, na jibu lake linatofautiana kati ya methili ya DNA na alama za histoni.

Kwa DNA, siri iko kwenye ulinganifu. Mahali penye sitosini na guanini kwenye uzi mmoja, uzi wa pili una guanini na sitosini, hivyo methili hukaa pande zote mbili. DNA ikinakiliwa, kila nakala hupata uzi mmoja wa zamani wenye methili na uzi mmoja mpya usio nayo. Kimeng'enya DNMT1, kikisaidiwa na protini UHRF1 inayotambua hali hiyo ya nusu, huweka methili kwenye uzi mpya. Robin Holliday na John Pugh, na Arthur Riggs kwa njia yake mwenyewe, walitabiri utaratibu huo mwaka 1975, kabla vimeng'enya vyenyewe havijafahamika. Kuweka methili mahali ambapo haikuwepo ni kazi ya vimeng'enya vingine, DNMT3A na DNMT3B.

Kwa histoni, zile za zamani husambazwa kwenye nakala zote mbili zikiwa na alama zao, na kundi la Polycomb, kwa mfano, lina sehemu inayoshika methili tatu za lisini ya 27 na papo hapo huchochewa kuziweka kwa jirani. Alama huzaa alama. Utaratibu huo si imara kama wa DNA, na usipoungwa mkono na protini zinazotambua mfuatano, alama nyingi hufifia baada ya migawanyiko kadhaa.

Kuhusu kuondolewa: ndiyo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba methili ya DNA hupungua tu kwa kutonakiliwa, hadi mwaka 2009 ilipoonyeshwa kwamba kimeng'enya TET1 huioksidisha, na hatua za baadaye huiondoa kabisa. Katika siku za mwanzo za kiinitete, sehemu kubwa ya methili kutoka kwa baba na mama hufutwa na kuandikwa upya, na hufutwa tena katika seli zitakazozaa mayai na manii.

Fikra Huru

Hapo hapo ndugu. Kama hufutwa mara mbili, basi zile habari kwamba njaa au mateso ya babu huandikwa kwenye DNA ya mjukuu ni za uongo?

Kiini Wazi

Ndugu Fikra Huru, nisingesema uongo, ila zimevutwa mbali kuliko ushahidi. Mfano unaotajwa zaidi ni njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watu waliokuwa tumboni wakati ule, miongo sita baadaye, na ukakuta methili imepungua kidogo kwenye jeni ya IGF2 wakilinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja. Watu hao waliguswa na njaa wenyewe wakiwa viinitete. Hilo linatuambia kwamba alama inaweza kudumu miaka 60 katika mwili uleule, jambo ambalo kwangu ni kubwa vya kutosha. Halituambii kwamba imevuka kwenda kwa mjukuu. Katika mimea, na katika sehemu chache za jenomu ya panya, urithi wa namna hiyo umethibitishwa. Kwa binadamu tunapaswa kuwa waangalifu mno, maana familia hurithishana pia lugha, chakula, umaskini na hofu.

Mizani

Mleta uzi ametuambia tusichukulie kuwepo kwa alama kuwa ushahidi. Nakubaliana naye kabisa, na kwa hiyo ningependa kumpa kipimo hichohicho kwenye mfano wake wa himoglobini, ambao hadi sasa ameutaja bila kuufafanua. Inajulikana tangu mwaka 1980, kwa kazi ya van der Ploeg na Flavell, kwamba jeni ya gama globini, ile inayotumika katika himoglobini ya kijusi, haina methili katika damu ya kijusi na ina methili katika damu ya mtu mzima. Mwaka 1982 dawa ya azasitidini, inayopunguza methili, ilipewa mgonjwa wa thalasemia (ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa himoglobini), na himoglobini ya kijusi ikapanda. Vitabu vingi husema: basi, methili ndiyo kufuli. Lakini haidroksiurea, ambayo haigusi methili kwa njia hiyo na kazi yake ni kuzuia utengenezaji wa malighafi za DNA, nayo hupandisha himoglobini ya kijusi. Waliopinga mwaka ule walisema dawa zote mbili huua seli zinazogawanyika, na uboho unapojijenga upya kwa haraka hutoa chembe zenye tabia za ujana. Je, hoja hiyo imejibiwa?

Kiini Wazi

Ndugu Mizani, umenishika pazuri, na ni kweli kwamba jaribio la 1982 peke yake halithibitishi. Kwa hakika pingamizi hilo ndilo lililofungua njia ya kuijaribu haidroksiurea kwa wagonjwa wa selimundu, kwa hiyo hata mabishano yale yalizaa dawa. Nitajibu kwa hatua, na niwie radhi kwa urefu.

Kwanza mpangilio wenyewe. Kwenye kromosomu ya 11 jeni za jamii ya beta globini zimepangwa mstari mmoja kwa utaratibu wa kutumika kwake: epsiloni ya kiinitete, gama mbili za kijusi, delta, kisha beta ya mtu mzima. Mbele yao kuna eneo la udhibiti lenye enhansa kadhaa, yaani vipande vya DNA vinavyochochea jeni kutoka mbali. Uzi wa kromatini hujikunja ili eneo hilo ligusane na promota ya jeni inayotakiwa. Katika kijusi mkunjo huifikia gama. Baada ya kuzaliwa huhamia kwa beta, na kwa mtu mzima himoglobini ya kijusi hubaki chini ya asilimia 1 kwa kawaida.

Anayehamisha ni nani? Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walionyesha kwamba protini BCL11A huizuia gama globini. Miaka 10 baadaye ikafahamika kwamba huishika promota ya gama kwenye mfuatano TGACCA, besi zipatazo 115 kabla ya mwanzo wa unakili. Wapo watu ambao kwa kuzaliwa wana badiliko la herufi moja mahali hapo, BCL11A haishiki hapo, na wanaishi na himoglobini ya kijusi nyingi maisha yao yote bila ugonjwa. Hapo hakuna uboho uliouawa wala kujijenga upya. Kwa hiyo mzuiaji wa kwanza anatambua mfuatano wa DNA, na alama zinakuja baada yake.

Zinakujaje? BCL11A huita kundi la protini liitwalo NuRD, ambalo ndani yake lina kimeng'enya cha kuondoa asetili kwenye histoni na pia mtambo wa kusukuma nukleosomu. Kundi hilohilo linaweza kuwa na MBD2, protini inayoshika DNA yenye methili. Panya waliopandikizwa jeni za globini za binadamu wakaondolewa MBD2 waliendelea kusoma gama wakiwa wamekomaa. Huo ndio ushahidi wa upande wa methili ambao pingamizi la kuua seli haliufikii, kwa kuwa hakuna dawa iliyotumika. Nikiunganisha vipande hivyo, naona methili kama komeo linalowekwa mlango ukishafungwa, nalo lina uzito wake, ila aliyefunga mlango ni mwingine.

Utaratibu wa aina hiyo umeonekana mahali pengine. Kwa wanyama wa kike wa jamii ya mamalia, kromosomu X moja hunyamazishwa katika kila seli, kama Mary Lyon alivyopendekeza mwaka 1961. Ndiyo maana paka jike mwenye jeni ya rangi nyeusi kwenye X moja na ya rangi ya chungwa kwenye nyingine huwa na mabaka. Kazi inaanzishwa na RNA iitwayo XIST, ambayo huifunika kromosomu yake yenyewe na kuleta vizuizi vya histoni. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba methili kwenye jeni ya Hprt ya X iliyonyamazishwa hufika baada ya jeni kuwa tayari imenyamaza. Na tukumbuke kwamba hamira ya mikate na mnyoo C. elegans hawana methili ya sitosini kabisa, ilhali jeni zao zinadhibitiwa barabara.

Benchi la Maabara

Naunga mkono, lakini tusije tukaangukia upande wa pili na kusema alama za histoni ni mapambo. Kuna ushahidi wa moja kwa moja. Mwaka 2013 watafiti walitengeneza nzi wa matunda ambao baadhi ya seli zao zilikuwa na histoni H3 isiyo na lisini ya 27. Mahali pake palikuwa na asidi amino nyingine, arginini. Kimeng'enya cha Polycomb kilikuwepo kizima, jeni zote zilikuwa nzima, ila mahali pa kuweka alama hapakuwepo, na seli hizo ziliharibika kwa namna ileile ya kumkosa Polycomb. Kwa binadamu kuna funzo la uchungu zaidi. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba uvimbe hatari wa ubongo wa watoto, ule unaoota kwenye shina la ubongo, mara nyingi una badiliko moja ambapo lisini hiyohiyo ya 27 imekuwa methionini. Tunazo jeni nyingi za H3, na iliyoharibika ni nakala moja tu. Hata hivyo histoni hiyo moja huzuia kimeng'enya kisifanye kazi, na methili hupungua karibu kote katika jenomu. Kusema alama haina nguvu mbele ya jambo hilo ni vigumu.

Mizani

Nimeridhika na jibu la gama globini. Swali langu la mwisho ni kuhusu mikunjo. Mnasema uzi hujikunja ili enhansa iguse promota. Je, mkunjo ndio unaoiwasha jeni, au jeni ikishawaka ndipo mkunjo unapoonekana?

Kiini Wazi

Kwa globini lilijaribiwa waziwazi. Mwaka 2014 kundi la Gerd Blobel lilichukua protini LDB1, ambayo ni mojawapo ya zile zinazofunga mkunjo, likaiunganisha na protini ya kutengenezwa inayoshika promota ya gama, na kuiingiza kwenye seli za damu za watu wazima. Eneo la udhibiti lilivutwa kwenda kwa gama, na gama ikasomwa kwa wingi huku beta ikipungua. Mkunjo ulitangulia.

Kwa jenomu nzima jibu si rahisi hivyo. Mikunjo mikubwa hutengenezwa na kohesini, pete ya protini inayovuta uzi wa kromatini hadi ikutane na CTCF, protini inayoshika DNA na kuweka mipaka, iliyoelekea upande unaofaa. Mwaka 2017 kohesini ilipoondolewa ghafla katika seli za binadamu, mikunjo hiyo ilitoweka kwa muda mfupi, lakini jeni chache tu zilibadilika sana. Wakati huohuo tunajua kwamba mipaka ya CTCF ikifutwa karibu na jeni za ukuaji wa viungo, enhansa huamsha jeni isiyo yake na mtoto huzaliwa na vidole vyenye kasoro. Nadhani seli iliyokwisha kukomaa huvumilia kupotea kwa mikunjo kwa saa kadhaa, ilhali kiinitete kinachojenga mkono hakina nafasi hiyo.

Mama Nuru

Mwalimu Kiini Wazi na wengine, mimi si mwanasayansi. Mwanangu ana selimundu, ana miaka 4. Nimesoma uzi huu wote kwa shida lakini nimesoma. Alipozaliwa alikuwa mzima kabisa, maumivu yalianza akikaribia miezi saba, na kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba kuna kitu nilimlisha. Naomba kueleweshwa: ina maana jeni ya utotoni bado anayo? Na kuna chakula kinachoweza kuifungua?

Kiini Wazi

Mama Nuru, pole sana, na usijilaumu hata kidogo. Ulichokiona kina maelezo. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson aligundua kwamba damu ya watoto wachanga wenye selimundu ina chembe chache sana zinazojikunja, na akahusisha hilo na himoglobini ya kijusi. Badiliko la ugonjwa liko kwenye jeni ya beta. Mtoto anapozaliwa bado anatumia gama, ambayo ni nzima na pia huzuia himoglobini mbovu isijipange kuwa nyuzi ngumu. Katika miezi inayofuata gama hufungwa na beta huchukua nafasi, na hapo ndipo maumivu huanza. Hakuna ulichomlisha kilichosababisha.

Ndiyo, jeni za gama bado anazo katika kila seli yenye kiini, zikiwa kamili. Sifahamu chakula chochote kilichothibitishwa kuzifungua kiasi cha kumsaidia mtoto, na ningekuomba uwe macho na wanaouza vitu hivyo kwa jina la epijenetiki. Kinachothibitishwa ni haidroksiurea, ambayo daktari wake anaweza kuizungumzia nawe ikiwa bado hajaianza. Hutumika kwa watoto wadogo pia, kwa kupima damu mara kwa mara.

Mama Nuru

Asante sana mwalimu, umenitua mzigo. Na ile tiba mpya ya kukata jeni ndiyo inakata hii BCL11A?

Kiini Wazi

Ndiyo, kwa namna ya pekee. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Seli shina za damu hutolewa kwa mgonjwa, DNA yake hukatwa mahali maalumu kwa chombo kiitwacho CRISPR, uboho wake husafishwa kwa dawa kali, kisha seli zake hurudishwa. Katika takwimu zilizotumika kuidhinishwa kwake Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Ni safari nzito: dawa hiyo ya kusafisha uboho inaweza kuathiri uzazi, na gharama yake ni kubwa mno, kwa hiyo sitaki nikupe matumaini mepesi.

Jeni ya beta yenye kasoro haiguswi kabisa. Na BCL11A yenyewe pia haikatwi, kwa sababu mwili unaihitaji kwingine: chembe B za kinga haziwezi kukua bila hiyo, na ubongo nao huitumia. Kinachokatwa ni kipande kidogo cha enhansa kilicho ndani ya jeni hiyo, ambacho kromatini yake hufunguka katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. Watafiti walikipata kwa kutazama mahali ambapo DNase I hukata katika seli hizo na haikati katika chembe za kinga, yaani kwa swali lilelile ambalo Weintraub na Groudine waliliuliza kwa damu ya kuku. Kikiharibiwa, BCL11A hupungua katika chembe nyekundu pekee, NuRD hukosa wa kuiita kwenye promota ya gama, na jeni ambayo mwanao alizaliwa ikifanya kazi huanza kusomwa tena.